Chuma Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nililambishwa jiwe. Nilikuwa nimefika idara ya jiosayansi ya chuo chetu, pale kati ya Ruiru na Thika, nimevaa sketi ya Jumapili na viatu vinavyonibana, barua ya ajira nimeishika kwa mikono miwili. Fundi Mkuu, mzee wa Ruiru aliyevaa koti jeupe lililogeuka rangi ya vumbi, hata hakuitazama barua. Alichukua jiwe la kijivu kwenye rafu akanikabidhi.

"Ramba," akasema.

"Pole, mzee?"

"Ramba hiyo mawe, mama. Hapa hatusomi barua, tunasoma mawe."

Nikalamba. Nyinyi mnaosoma haya mtacheka, lakini kila mwanajiolojia hulamba jiwe kabla ya kuliangalia kwa kioo cha kukuza. Likilowa, rangi zake zinajitokeza na chembe zake zinaonekana. Likiwa na udongo wa mfinyanzi ndani, linanata ulimini. Nilimwambia Fundi Mkuu kwamba lile linanata. Akaitikia kwa kichwa, akanionyesha msumari wa kuning'iniza koti langu, na kuanzia hapo nilikuwa mtu wa idara.

Miaka yangu ya mwanzo nilifanya kazi katika chumba cha kukatia mawe. Tulikata jiwe hadi likawa kipande chembamba, tukalibandika kwenye kioo, kisha tukalisaga polepole kwa unga mkali mpaka mwanga ukaweza kupenya. Ukisaga kidogo, huoni kitu. Ukizidisha, jiwe lote linaisha na unabaki na kioo kitupu. Nilimaliza vipande vingi sana kwa namna hiyo, na Fundi Mkuu alikuwa akinigombeza kwa Kikuyu ili wanafunzi wasielewe, ingawa nusu yao walielewa vizuri kabisa. Lakini siku nilipofanikisha cha kwanza, akanipeleka kwenye hadubini. Lilikuwa jiwe la kawaida, lile la kijivu ambalo nusu ya nyumba za Mugutha zimejengwa nalo. Chini ya hadubini liliwaka samawati, dhahabu na waridi. Nilipiga kelele. Nilirudi nyumbani nikawaambia watu wangu kwamba tunaishi ndani ya kanga na hatujui.

Fundi Mkuu alipostaafu, nilipewa funguo za stoo. Humo mlikuwa na nyundo, ramani, magunia ya sampuli, na zaidi ya yote dira. Dira ya jiolojia si ile ya skauti. Ina sindano ya kuonyesha kaskazini, ina pimamaji ndogo kama ya mwashi, na ina kifuniko chenye kioo. Wanafunzi waliziangusha, wakazikalia, mmoja akapoteza yake ndani ya ugali. Mimi ndiye niliyezifungua na kuzitengeneza, moja baada ya nyingine, hadi jina langu la Wairimu likasahaulika na kila mtu akaniita Mama Stoo.

Kila mwaka niliandamana na wanafunzi kwenye kambi ya Gatuanyaga, mashariki ya Thika. Huko mawe ya volkano yanakwisha na yanachomoza mawe ya kale zaidi, naisi, yenye mistari myeusi na myeupe. Kazi ya mwanafunzi ni kupima mistari hiyo na kuchora ramani. Anapima mwelekeo, yaani upande ambao tabaka linakimbilia, na mwinamo, yaani jinsi tabaka lilivyolala, kama unavyosema paa hili limelala sana na lile limesimama. Asiyekuwa na ramani nzuri ya kambi hahitimu.

Sasa, sindano ya dira ni mbea. Ikisikia chuma karibu, inageuka kutazama. Kwa hiyo tulikuwa na desturi. Tukifika kwenye mwamba, kabla mtu yeyote hajafungua dira, nilisimama mbele na kupaza sauti: "Chuma chini!" Kila mmoja alitembea hatua kumi, akaweka kwenye rundo moja nyundo, funguo, mshipi, simu, kila kitu. Aliyesahau chochote alibeba gunia la sampuli mchana kutwa. Sikuwa na huruma. Kuna kijana mmoja mwembamba wa Ruiru aliyesahau kisu mfukoni siku mbili mfululizo, na siku zote mbili alibeba gunia akiimba nyimbo za kanisani kwa hasira. Kijana huyo alikwenda mbali katika masomo, akarudi na udaktari, akawa Mkuu wa Idara, bosi wangu.

Ni yeye aliyenianza. Siku moja alinikuta nikimweleza mwanafunzi jinsi ya kutofautisha madini mawili kwenye hadubini. Akasubiri mwanafunzi aondoke.

"Mama, wewe unajua hii kitu kuliko mimi nilipomaliza digrii."

"Kujua ni kitu kimoja, Daktari. Kuitwa mjuzi ni kingine."

"Basi kuja uitwe. Diploma yako ya maabara inatosha kukuingiza."

Nilikuwa na miaka hamsini na mitano, na binti yangu Njeri alikuwa ameshamaliza chuo zamani. Nilicheka. Kisha nikaenda nyumbani Ngoingwa, nikakaa jikoni, nikajikuta nalia. Kwa maisha yangu yote kazini nilikuwa nimebandika vibandiko kwenye mawe yaliyopewa majina na watu wengine. Nilitaka, angalau mara moja, jina nililolitaja mimi liandikwe. Na nilitaka nitoke kwenye lango la chuo nikiwa mwanajiolojia, si mtu wa funguo tu. Hesabu ilikuwa rahisi: shahada ni miaka minne, na mwaka wa nne ungekuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Nikirudia hata mwaka mmoja, ningestaafu mikono mitupu.

Ile miaka nilifurahi kama sijawahi kufurahi. Asubuhi niligawa nyundo, mchana nikakaa darasani na watoto waliozaliwa nikiwa tayari stoo. Walinifundisha kompyuta, nami niliwafundisha kulamba mawe. Mutua, rafiki yangu wa kiti cha pili, alikuwa akinisalimia "Niaje, mathe," yaani mambo, mama, na mimi nikajibu "Poa," darasa zima likavunjika mbavu. Hesabu ilinitoa jasho, kemia ikanitoa machozi, lakini sikuanguka.

Kitu kimoja tu kilinisumbua, macho. Njeri akaniletea zawadi, miwani ya kisasa ya kuning'iniza shingoni. Imegawanyika katikati, ukitaka kusoma unainua vipande viwili, vinashikana vyenyewe juu ya pua: tak! Niliipenda. Darasa zima liliipenda. Wakati wa mtihani mlio huo ulisikika kwanza, kisha karatasi zikaanza kufunguliwa.

Ikafika kambi ya mwaka wa nne. Safari hii nilikuwa mwanafunzi, lakini walinisihi nipige ule mwito wangu, na nikaupiga. Nilipima vituo vyangu arobaini na vinane, kila kimoja nimekiinamia kama mtu anayechambua mchele. Ramani yangu ilikuwa nadhifu, nikaitazama kwa majivuno.

Jumanne Mkuu wa Idara alikuja kukagua. Ukaguzi ni kwamba mhadhiri anachagua vituo vichache na kupima upya mbele yako. Tulisimama kwenye kituo changu cha kwanza, wenzangu wote wakitazama. Alipima mwelekeo akapata digrii kumi. Daftari langu lilisema ishirini na nane. Tukaenda cha pili, tofauti tena. Cha tatu, vilevile.

"Mama, hebu pima wewe."

Nikaiunganisha miwani, tak, nikainama, nikasoma. Ishirini na tisa. Akachukua dira yangu mwenyewe, akapima. Kumi. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Stoo. Chuma chini."

"Nimeshaweka!" nikasema, na nikaanza kujipapasa. Funguo sina. Simu sina. Hata pini za nywele sina.

Mutua ndiye aliyecheka kwanza, akaziba mdomo. "Ngai, mathe. Hiyo miwani inashikana na nini?"

Nikaivua. Nikaisogeza karibu na dira. Sindano ikaikimbilia kama mtoto anayemwona mamake. Ilikuwa sumaku, Njeri alikuwa amenivalisha sumaku puani, na mimi, mwenye stoo, niliyewabebesha watoto wa watu magunia kwa sababu ya kisu kidogo, nilikuwa nimeinama nayo juu ya dira mara arobaini na nane. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na mimi najua vizuri jinsi inavyopasuka.

Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Mkuu wa Idara hakucheka. Alinivuta kando.

"Mama, siwezi kupitisha hiyo ramani."

"Najua."

"Kambi inafungwa Ijumaa saa kumi. Sheria ni ileile, kila kipimo kwa mkono wako na jicho lako. Nikikulegezea, hawa nao watataka."

"Ukinilegezea nitakudharau," nikamwambia.

Mwinamo ulikuwa salama, kwa sababu hausomwi kwa sindano. Lakini mielekeo yote ilikuwa ya kurudia, na nilikuwa na siku tatu. Tena kulikuwa na shida kubwa zaidi: nikivaa miwani, sindano inadanganya, nikiivua, tarakimu zinageuka ukungu. Mutua akanijia kimyakimya.

"Mathe, nikusomee tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Enda ukapime zako."

Nilikaa kwenye mwamba peke yangu, dira mkononi, nikiwaza kwamba miaka yote ile imenifikisha hapa nishindwe na miwani. Nilikuwa nikiichezea dira kama mtu anavyochezea kitu akiwa na mawazo, nikibonyeza na kuachia, nikibonyeza na kuachia. Kisha nikaangalia nilichokuwa nikibonyeza.

Pembeni mwa dira kuna kitufe kidogo. Ukikibana, kinaishika sindano isicheze. Wanafunzi hawakigusi, wengi hawajui kazi yake. Mimi nilikuwa nimebadilisha springi za vitufe hivyo kwa miaka na miaka. Nikaiacha miwani kwenye rundo. Nikaenda mwambani, nikanyoosha mkono mbali na macho, nikasawazisha kiputo cha pimamaji, ambacho nilikiona bila shida, nikangoja sindano itulie, nikakibana kitufe kwa kidole gumba. Nikatembea hatua kumi bila kukiachia. Nikavaa miwani. Sindano ilitaka kugeuka, ikashindwa. Nikasoma: kumi.

Nilicheka peke yangu pale Gatuanyaga hadi mbuzi wakaacha kula wakanitazama.

Siku tatu nilienda na kurudi zile hatua kumi, vituo arobaini na vinane, na miguu ikavimba. Ijumaa saa tisa na nusu nilimkabidhi Mkuu wa Idara daftari. Akachagua vituo vitatu, tukaenda, akapima. Vyote vitatu vililingana. Akafunga dira yake polepole.

"Nani alikufundisha hicho kitufe?"

"Fundi Mkuu alinipa springi moja iliyovunjika, akasema nijue kazi yake kabla ya kuitengeneza."

Nilihitimu miezi michache kabla ya kustaafu. Njeri alilia, akaomba msamaha kwa miwani, akalia tena. Siku hizi nakaa Ngoingwa, nakuza mboga, na majirani wanaochimba msingi huniita niseme wamefikia mwamba au bado. Nawaambia vijana wasiidharau kazi ya kutengeneza vifaa vya wengine. Shahada yangu ninaipenda kwa moyo wote, ila kilichonipa ni kidole gumba cha mtu wa stoo.

Wiki yangu ya mwisho kazini walinipeleka Gatuanyaga na kundi jipya, nipige mwito kwa mara ya mwisho. Nilisimama mbele yao kwa majivuno, nikavuta pumzi. "Chuma chini!" Wakatembea hatua kumi, wakaweka nyundo, simu, mishipi. Rundo likatulia. Mkuu wa Idara, ambaye nywele zake sasa zimeanza mvi, akabaki nyuma ya wote. Alinitazama kwa haya, akaingiza mkono ndani ya shati na kutoa kitu alichokuwa amekificha shingoni. Akakiweka juu ya rundo, vipande viwili vikakutana, na sote tukasikia: tak!