Kidole Gumba Safi

Zamani madai ya wanafunzi weusi wa chuo hiki cha Ohio yalichapwa kwa mashine ya kunakili ya kuzungusha kwa mkono, wino ukaganda vidoleni. Siku hizi binti mmoja huyatuma kwa kidole gumba, na gumba hubaki safi. Mzee Lemuel, mpiga deki wa maktaba aliyewahi kuizungusha mashine ile, hakuvutiwa naye. Kila mweusi aliyedaiwa kitambulisho mlangoni mwa maktaba, huku wazungu wakipita tu, alikwenda kwa binti huyo. Binti aliandika kisa chake kwenye simu, akakisoma taratibu, akauliza, "Ndivyo ulivyosema?" Ndipo akabonyeza. Maelfu walisoma bila kumjua mwandishi.

"Nyie mnapigana mmekaa kitako," Lemuel alimchokoza.

"Na wewe babu, umesimama na dekio miaka hamsini, umemwangusha nani?" Akacheka, akainua miguu dekio lipite.

Kisha chuo kikataka kumfukuza kijana mwingine, akidhaniwa ndiye mwandishi wa maandishi yale. Mara ya mwisho Lemuel kumwona binti, alikuwa amesimama mlangoni pale, kamera ya simu ikimtazama usoni. "Mwandishi ni mimi," akasema, akataja jina lake lote, akabonyeza. Lemuel akaikumbuka siku polisi walipokagua vidole wakitafuta wino, yeye akiwa ameshanawa kwa mafuta ya taa, wenzake wakachukuliwa.