Wageni wa Kuchukua Picha

Shangazi yangu ni mpishi wa kituo cha watoto cha kanisa, na jikoni kwake hana mchezo. Hata mchungaji akitaka chai hupiga hodi. Watoto wamempa jina la Bibi Mwiko, naye anajifanya hajui.

Wafadhili walipokaribia kutembelea kituo, mchungaji aliwatangazia watoto: "Kesho wageni watakuja kuwachukua picha!" Watoto hawakumngoja amalize. Makofi na vigelegele vikalimeza neno "picha".

Kesho yake sare zikapigwa pasi, wageni wakaketi, lakini yule msichana mdogo aliyeletwa juzijuzi haonekani. Walezi wakazunguka mabwenini mpaka jasho likawatoka. Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu, Shangazi akifoka kwamba kelele zao zitamuunguzia wali. Akaingia stoo kuchukua chumvi, akakawia. Nikamfuata.

Mtoto alikuwa amejikunyata nyuma ya magunia, unga mpaka kwenye nyusi.

"Sitaki kuchukuliwa," alisema. "Mama mdogo alinichukua, akanirudisha. Mjomba akanichukua, akanileta huku. Na hawa watanirudisha tu."

Shangazi akachuchumaa, akamweleza kwamba wageni wanachukua picha tu, wanabonyeza kitufe, basi, wanarudi kwao.

"Kwa hiyo hawanichukui?"

"Hawakuchukui, mama."

Nilidhani atafurahi. Akamtazama Shangazi, akauliza kwa sauti ndogo, "Na wewe, Bibi?"

Wali ukaanza kunuka moshi, wala Shangazi hakugeuka.

"Njoo tukunawishe uso kwanza," alisema hatimaye.

Mtoto akapigwa picha akiwa ameng'ang'ania aproni ya Shangazi. Wageni wakala wali wa moshi, wakausifu, maskini, kwa adabu zao zote.

Walipoondoka tu, Shangazi akamfuata mchungaji.

"Yule mtoto namchukua mimi."

"Mama, si jambo la siku moja. Kuna ustawi wa jamii, watakuja kukagua nyumba, watauliza maswali..."

"Waje. Wakague mpaka uvunguni, chai nitawapikia. Ila waambie mapema, Mchungaji: huyu harudishwi."