Blanketi Halina Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja huko juu mlimani Elgon, baada ya mvua ya usiku kucha, nilipokutwa nimejikunyata nje ya darasa kama kuku aliyenyeshewa. Upande wa pili wa ukuta uleule alikuwa amejikunyata mama mkwe wangu. Na ndani ya darasa nafasi ilikuwepo. Mwanangu Simiyu, subiri nikueleze ilikuwaje, maana jambo hili linakuhusu, na kwa kweli wewe mwenyewe ulikuwepo.

Jana ulipopiga simu kutoka huko Goma, kabla mtandao haujakata, nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mlima umetema moto, nyumba mliyopanga imefunikwa, gereji uliyokuwa unafanyia kazi imekwenda. Lakini wewe, mke wako Nekesa, mtoto, na mama yake Nekesa aliyetoka Ndalu kuja kumsaidia kulea, nyote mko hai. Vitu vitatafutwa tena.

Ila kuna neno ulilitaja kwa kupitapita tu, nalo limenikaa kooni. Ulisema kanisa lililowapokea limewapa chumba kimoja kidogo, na kwa kuwa mama mkwe yuko ndani, wewe unalala nje kwenye majivu na moshi, na umeanza kukohoa. Halafu ukasema mama naye anaona aibu, ati atahamia kwenye veranda ili wewe uingie. Nikasema, haya, kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini hili mimi nimeliona mara mbili sasa. Ndiyo maana nakutumia sauti hii. Isikilize yote, usiikimbize mbele kama mnavyofanya vijana.

Unajua tulivyo sisi Wabukusu na mama mkwe. Humpi mkono. Huli naye pamoja. Ukimwona anakuja njiani, unaingia kwenye mahindi mpaka apite. Mimi katika mambo hayo nilikuwa hodari. Nilitoka Bumula nikakodi shamba la vitunguu kule mlimani, ng'ambo ya kijito kutoka kwa wazazi wa mama yako Nafula, na muda wote huo sidhani kama niliwahi kumtazama mama mkwe usoni. Akiwa na neno na mimi, alikuambia wewe, ulikuwa mtoto mchanga wa kubebwa: "Simiyu, mwambie baba yako ng'ombe wake wameingia kwetu." Nami nakutuma wewe: "Simiyu, mwambie nyanya pole, nakuja kuwatoa." Wewe kazi yako ilikuwa kunyonya vidole, lakini ujumbe ulifika.

Halafu mlima ukashuka. Walimu husema mlima wetu nao ulitema moto zamani sana, ukapoa, ukazeeka. Siku hiyo haukutema moto. Ulikuwa umelowa maji wiki baada ya wiki, mpaka ubavu wake mmoja ukateleza. Tulisikia mngurumo tukadhani ni lori. Tulipotoka nje, upande wa pili wa kijito haukuwepo. Nyumba ya wakwe zangu, migomba, zizi, vyote vilikuwa tope tupu. Mama mkwe alikuwa amepanda juu kukatia ng'ombe majani, ndiyo sababu aliishi. Baba mkwe alikuwa ndani ya nyumba. Mama yako alilia mpaka sauti ikaisha, na mimi nilisimama na jembe mkononi, sijui nianzie wapi kuchimba.

Upande wetu nao ulikuwa umepasuka, haukukalika tena, basi sisi tulionusurika tulikusanyika kwenye shule ya msingi, kila familia ikapewa pembe yake ya darasa. Sisi tulikuwa wanne: mama yako, wewe, mama mkwe na mimi. Jioni nilipoona mama mkwe anatandika gunia lake, nilitoka nje kimya, nikakaa chini ya bati linalovuja. Nilijiambia, mwacha mila ni mtumwa. Nilijiona mwanaume kamili, bana! Kumbe mama mkwe aliniona nikitoka. Akasema moyoni, siwezi kumfukuza mkwe wangu kwenye mvua, akatokea mlango wa pili ili mimi nirudi. Basi kila mmoja akanyeshewa kwa ajili ya mwenzake, na gunia likalala ndani peke yake.

Aliyetukuta asubuhi ni Kukhu Namalwa. Alikuwa nyanya wa jirani, kila mtu alimwita Kukhu, mwanamke wa mdomo mkali na mkono wa kutoa. Alikuwa anazunguka darasa akitafuta kuni kavu. Akaniona. Akaendelea mpaka upande wa pili, akamwona mama mkwe. Akarudi kwangu.

"Wanjala, uko na akili kweli?"

"Kukhu, si mama mkwe yuko ndani."

"Ndani gani? Si huyo hapo nyuma anatetemeka kama wewe!"

Mimi ningecheka, lakini kufikia mchana mama mkwe hakuweza kuinuka. Mwili ulikuwa moto, na kila akivuta pumzi kifua kinakoroma. Muuguzi mmoja aliyekuwa anapita kwa miguu akituangalia alisema ni nimonia, apelekwe hospitali Kitale, na asicheleweshwe. Sasa apelekwe vipi? Barabara ilikuwa imekatwa na tope, gari liliweza kufika sokoni tu, huko chini kabisa. Ilibidi abebwe. Na wanaume wote walikuwa wanachimba kutafuta waliofukiwa, akiwemo baba mkwe. Aliyekuwa amerudi kunywa uji, na ana mgongo wa kubeba mtu, ni mimi peke yangu.

Mama mkwe akafungua macho. "Simiyu," akasema kwa shida, "mwambie baba yako asinisogelee. Afadhali nife na heshima yangu."

Na mimi, mwanangu, sikusogea. Nilisimama mlangoni natazama chini, kana kwamba jibu limeandikwa sakafuni. Mama yako ndiye aliyepiga kelele, na sauti yenyewe hakuwa nayo. "Baba yuko chini ya udongo! Na mama naye mnataka aende, kwa sababu ya aibu?"



Kukhu Namalwa hakubishana na mtu. Alikwenda kwenye pembe yake akaleta blanketi, kitu pekee alichotoka nacho nyumbani kwake. Akamviringisha mama mkwe tangu miguu hadi kichwani, akamwachia uwazi wa kupumulia na wa kutolea mikono, akafunga kwa leso. Kisha akaniita.

"Wanjala, hapa unaona nini?"

"Mama mkwe."

"Angalia vizuri."

Nikaangalia. "Naona blanketi, Kukhu."

"Basi beba blanketi. Blanketi halina mkwe." Akageuka akaligonga kidogo. "Na wewe uliye mle ndani, nyamaza. Blanketi haliongei."

Halafu akatuambia wote wawili, taratibu, kama anayewafundisha watoto kula: "Hii heshima wazee waliiweka ndio watu waishi pamoja bila kukosana. Ikianza kuua watu, hiyo si heshima tena. Mlima umefunika mpaka wa mashamba yote hapa. Nyinyi mnafikiri uliacha wenu?"

Nikainama, nikabeba.

Mama yako alibaki na wewe, maana ulikuwa mdogo na mvua ilikuwa inarudi. Nilishuka na mzigo wangu, tope linafika magotini.  Kisha nikasikia sauti nyuma ya shingo: "Simiyu, mwambie baba yako apunguze mwendo."

Mwanangu, wewe ulikuwa umeachwa shuleni! Lakini ningefanyaje? Nikajibu, "Simiyu, mwambie nyanya ashike shingo vizuri." Akashika. Tukaendelea kushuka hivyo, tunamtuma mtoto ambaye hayupo. Aliniuliza kupitia kwako kama nimekula. Nilimuuliza kupitia kwako kama anasikia baridi.

Tulipofika mahali ambapo njia ilikuwa imekatika, mguu wangu ukazama na mwingine ukateleza. Tukaanza kwenda, mimi na yeye, kuelekea korongoni, na mikono yangu yote imemshika yeye.

"Wanjala!" akapiga kelele. "Shika mti! Shika mti, mwanangu!"

Nikautupia mkono mmoja mti uliobaki pale ukingoni, nikaukumbatia. Mguu ulipopata pa kukanyaga, nililia. Hakuwahi kunitaja jina, sembuse kuniita mwanawe. Nilimlilia baba mkwe, nikalilia shamba, nikalilia na neno lile moja. Na mgongoni nasikia blanketi nalo linalia. Siku hiyo hapo hatukumtuma mtu kupeleka pole.

Sokoni tulipata pikapu ikatufikisha Kitale. Alilazwa muda mrefu, akapona. Baba mkwe alipatikana, tukamzika, na shemeji zangu, yaani wajomba zako, wakamjengea mama yao nyumba huku chini ambako ardhi ni tambarare.

Usifikiri heshima ilikufa siku ile. Mambo yalipotulia alirudi kunikwepa njiani, nami nikarudi kwenye mahindi. Ila akishanipita alikuwa anakohoa kidogo, anasema kwa sauti ya kunifikia: "Simiyu, mwambie baba yako blanketi linamsalimia." Wewe ulikuwa umeshaanza kutembea na kusema, unakimbia kuniuliza, "Baba, ni blanketi gani?" Nacheka tu, sikujibu. Mpaka anaondoka duniani alikuwa ananisalimia vile. Leo umejua ni blanketi gani.

Sasa shika nasaha yangu, mwanangu. Mila ni nzuri, nami sikulea mtoto asiye na adabu. Lakini lisilo budi hubidi. Mlima ukishawanyang'anya watu nyumba, wasimalizie wenyewe kwa kunyang'anyana uhai ati kwa kuheshimiana. Heshima si utumwa. Leo hii tafuta leso ya Nekesa, ifunge katikati ya chumba kutoka ukuta mpaka ukuta. Upande mmoja mama, upande mwingine wewe, na Nekesa na mtoto wachague wanapotaka. Mtakaporudi nyumbani na kila mtu ana paa lake, utamkimbia mama mkwe kwenye mahindi ya Ndalu yote utakavyo. Hayaishi.

Najua simu umeiwekea sauti kubwa, na najua mama yake Nekesa yuko karibu hapo, amegeukia pembeni kama asiyesikia. Mimi simwambii neno, nitaanzaje, na yeye ni mkwe wetu? Nakutuma wewe, hiyo ni kazi yako tangu ulipokuwa wa kunyonya vidole. Simiyu, liambie blanketi liingie ndani. Na likishaingia, ingia na wewe, ufunge mlango, majivu yabaki nje. Mungu aliyenishikisha mti siku ile awashike nyote, awatoe huko na pumzi zenu kifuani, na mjukuu wangu akue, apate watu wa kumtuma.