Fimbo ya Kioo na Mchimba Panya

Mwaka ule tulikula panya. Mahindi yalikosekana mpaka soko ya Mponela, kwetu Fizi vita ingali inawaka, na sisi wakimbizi wa kambi ya Dzaleka tukajifunza kwa wenyeji kuchimba panya shambani na kuwachoma. Huo njo mwaka nilianza kazi ya kupima ardhi.

Siku ya kwanza Bwana Mpima, Mmalawi aliyejifunza Kiswahili Mbeya, alinipa fimbo ndefu yenye kioo juu na kichupa cha maji ubavuni.

"Mama, unaona povu ndani ya kichupa hiki? Likikaa katikati, fimbo imenyooka. Basi usipumue."

"Na nikifa?"

"Ufe umenyooka!"

Kazi ilikuwa hivi. Jipiesi inasikiliza satelaiti mpaka ijue mahali pa vyuma viwili tulivyopigilia ardhini. Kisha mashine ya miguu mitatu inasimama juu ya chuma kimoja, inalenga cha pili ili ipate mwelekeo na umbali wake, halafu inatupa mwanga kwenye kioo changu. Mwanga ukirudi, inajua umbali na pembe. Ofisini Lilongwe, ordinateri, yaani kompyuta, inaoanisha vipimo vya satelaiti na vya mashine.

Tulipima barabara mpya ya kambi. Nyumba itakayoguswa, inabomolewa. Nikafika kwenye kona ya nyumba yangu, nikasimamisha fimbo. Bwana Mpima akatikisa kichwa: barabara inapita juu ya kitanda changu! Matofali yale nilifyatua mwenyewe, mimba tumboni.

Jirani yangu Papa Yakobo, wa Uvira, akaninong'oneza, "We mama, sogeza fimbo kidogo! Nani atajua? Na yangu njo inafuata!"

Nikamwambia, "Sisogezi. Nyumba ikianguka, ianguke na kipimo cha kweli."

Usingizi haukuja. Lakini ofisini ordinateri ilikataa ile ndoa. Satelaiti ilisema vyuma viko mbali hivi, mashine ikasema vimekaribiana. Bwana Mpima alirudi mbio.

"Fimbo uliisogeza, mama?"

"Hapana, bwana."

"Basi kosa ni chuma. Kona zote zimekwenda upande mmoja. Yako ingekwenda peke yake, ningekulaumu wewe na chuma nisingekigusa."

Tukakuta chuma cha pili kinacheza kama jino bovu. Papa Yakobo akakuna kichwa.

"Panya aliingia chini yake, nikaking'oa. Lakini nilikirudisha vizuri! Hata kwa jiwe nilikipiga!"

Bwana Mpima alicheka mpaka akakaa chini. Tukapima upya, barabara ikapita nje, kando ya kinu changu cha kutwangia, nyumba zetu zikapona. Mi niliingia ndani, nikajilaza kitandani jua likiwaka, nikaangalia bati langu tu.

Baadaye nilishika fimbo hata kwenye maghala ya Kanengo, mpaka magoti yakakataa. Wajukuu, nimesoma kidogo sana, lakini kuna barabara Lilongwe zimenyooka kwa sababu mi nilisimama.

Juzi Papa Yakobo, meno yamemwisha, kaja kuniomba nisogeze kigingi cha ua wetu, kidogo tu, kuku wake wapate nafasi. Nikamwambia:

"Sisogezi. Nyumba ikianguka, ianguke na kipimo cha kweli."