Bakuli la Mama Atieno

Harufu ya kijiti kilichoungua kikisuguliwa ndani ya kibuyu kikavu hunirudisha nyumbani kwetu, kwenye mteremko nje kidogo ya Kapkatet. Kogo, mama mzaa baba, alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, akisugua kibuyu kwa makaa ya mti wa senetwet mpaka ndani kote kukawa kweusi kunakong'aa. Kisha alimimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, akafunga mdomo wa kibuyu, akaanza kuhesabu siku. Maziwa hayo, ambayo tunayaita mursik, yalitoka yakiwa na rangi ya majivu na uchachu wa kusisimua taya. Ugali tuliuita kimnyet, na mursik ndiyo iliyouteremsha. Kogo alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa: maziwa na nyama havikutani siku moja katika tumbo moja. Vikikutana, alisema, ng'ombe aliyetoa maziwa yale huumia chuchu na kukauka. Nasi tulikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kukamuliwa.

Nilikuwa darasa la nne, msimu wa mvua ndefu, Mama Atieno alipohamia nyumba iliyokuwa ng'ambo ya ua wetu. Walitoka upande wa ziwa. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Alikuwa mwanamke wa kicheko kikubwa, mtoto wake Atieno mgongoni wakati wote, na hakujua kunyamaza akimwona mtu.

"Cherono, leo mnakula ugali na mboga gani?" aliniuliza juu ya ua.

"Na maziwa."

"Maziwa! Hiyo ni mboga ya ndama. Mimi nakuuliza ya watu."

"Na nyinyi je?"

"Kwetu ugali ni kuon, na mboga yake ni samaki. Ngoja nikuonyeshe."

Akanipa bakuli la bati la rangi ya buluu, lenye samaki mkavu aliyelowa katika mchuzi wa nyanya. "Mpelekee Kogo. Mwambie ni salamu za jirani."

Nilijua Kogo alivyosema kuhusu samaki: kwamba ni ndugu ya nyoka aliyesahau sumu yake nyumbani. Nilijua bakuli lile lingemwagiwa mbwa. Basi nikaketi nyuma ya michai na kumla samaki yule mimi mwenyewe, nikitema miiba kwenye majani. Mungu anisamehe, alikuwa mtamu sana.

Lakini chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Hilo mama yangu alitufunza kabla hatujajua kusoma. Sikuwa na kitu changu cha kutia. Nikaingia jikoni, nikafungua kibuyu cha Kogo, nikamimina mursik katika bakuli na kulipeleka. "Kogo anasema asante," nikasema. Mama Atieno alifurahi hivi kwamba Jumamosi iliyofuata akanipa bakuli lilelile likiwa limejaa zaidi. Nami nikarudisha mursik zaidi. Ikawa hivyo Jumamosi tatu.

Kogo alijua uzito wa vibuyu vyake kama mama anavyojua uzito wa mtoto. Hakuniuliza mimi. Alimwita mama yangu, akamwonyesha kibuyu, akasema kwa sauti ya chini iliyouma kuliko kelele, "Wewe unafungua maziwa kabla ya siku zake. Kama hunitaki hapa, nitakwenda Kaplong kwa mwanangu mwingine." Mama aliinamisha kichwa. Hakuwa amegusa kitu. Jioni ile tuliposali nilishindwa kusema Amina. Nilimwona Kogo akikunja blanketi lake na kulifunga kwa kamba, nami nikaendelea kunyamaza.

Asubuhi, kabla Kogo hajaondoka, Mama Atieno alipita pengo la ua akiwa amebeba bakuli kwa mikono miwili, mtoto mgongoni. "Chamge, Kogo!" akaita, akijivunia salamu aliyojifunza. "Umenilisha maziwa majuma matatu, leo nimeona nije mwenyewe. Nimempika samaki kwa maziwa yako. Kwetu hivi ndivyo tunavyompikia mgeni wa heshima."

Kogo alitazama ndani ya bakuli. Samaki alikuwa amelala katika mursik, nyama ndani ya maziwa, macho wazi. Aliweka kiganja kifuani, akageuka kumtazama ng'ombe aliyefungwa malishoni, kana kwamba angemwona akianguka palepale. Kicheko cha Mama Atieno kilififia. Mama yangu alikuwa mlangoni, na ndipo nilipoona kwamba nikinyamaza tena, yeye ndiye atakayebeba hata hili.

"Ni mimi," nikasema. Nikaeleza yote nikilia: samaki, miiba nyuma ya michai, kibuyu, salamu za uongo.

Mama Atieno aliweka bakuli chini taratibu. "Kogo, sikujua," akasema. "Ningejua, singeleta."

Kogo alichukua chombo cha kukamulia, akaenda kwa ng'ombe, akachuchumaa. Tulisikia maziwa yakigonga chombo, kwa nguvu ileile ya kila siku. Aliporudi alisimama kwanza mbele ya mama yangu. "Nilikukosea," akamwambia. Kisha akamwaga samaki kwa mbwa, akaliosha bakuli mwenyewe, akalijaza maziwa na kumpa jirani. "Haya pikia mboga za majani. Samaki mpike kwa maji."

Mama Atieno akacheka mpaka mtoto akaamka. Kogo akaenda kufungua kamba ya blanketi lake.

Mimi niliadhibiwa kwa kusugua vibuyu mpaka mvua zikaisha, na hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi ambayo wajukuu wangu hawaijui. Wao hununua mursik ya chupa ya plastiki mjini, na kila kinachoteremsha ugali hukiita supu. Siku za harambee ya kanisa, sufuria za samaki na za maziwa hukaa meza moja, na watu hujaza sahani bila kuuliza. Namshukuru Mungu kwa meza hiyo. Kogo na jirani yake waliianza bila kujua. Ila sahani yangu mimi bado haichanganyi, na hakuna anayenicheka.

Familia ya Mama Atieno ilihamishwa ghafla na kiwanda, na bakuli lilikuwa kwetu siku hiyo. Lipo kabatini mwangu hadi leo, rangi yake imebanduka ukingoni. Watoto huniuliza kwa nini silitumii. Nawaambia si langu, ni la jirani, na bado sijapata cha kutia ndani kinachotosha kulirudisha.