Kadi ya Saa Ishirini na Nne

Daktari alituambia Ijumaa asubuhi. Jioni ya siku hiyohiyo mdogo wangu akaniuliza kama ile kadi ya watalii ilikuwa ya maana kuinunua.

Alikuwa amelala kwenye kitanda changu, katika chumba nilichopanga mtaa wa Saint-Gilles, ghorofa ya tatu ya nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, isiyo na lifti. Kijitabu cha matangazo ya kadi hiyo alikuwa amekichukua mwenyewe siku alipofika, kwenye stesheni ya Midi, wakati mimi nahangaika na sanduku lake. Nilidhani amekitupa. Kumbe alikuwa amekiweka ndani ya Biblia.

"Yaya," alisema. Aliniita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. "Hii karte, muntu anaingia nayo makumbusho yote?"

"Karibu yote."

"Na tramu?"

"Na tramu pia, nadhani."

"Bon. Iko ya siku ngapi?"

Sikujua. Ilikuwa mwaka 2011, na nilikuwa nimeishi Brussels tangu 2003, lakini sikuwahi kuingia hata jumba moja la makumbusho. Nilikuwa nagawa chakula katika nyumba ya wazee kule Anderlecht. Mji niliujua kwa chini, kwa majina ya vituo vya metro, na nilipotoka juu nilikuwa ama nakwenda kazini ama narudi kulala. Nikamwambia kesho nitakwenda kuuliza.

Asubuhi ile hospitalini, daktari alikuwa amezungumza na mimi, si na yeye, ingawa Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Lubumbashi. "Angekuja mwaka jana, bibi, ningejaribu," daktari alisema. "Sasa kumfungua tumbo ni kumtesa bure. Mrudisheni nyumbani wakati bado anaweza kukaa kwenye kiti cha ndege." Mdogo wangu alimshukuru. Alimpa mkono, akamtakia kazi njema, akafunga mlango polepole nyuma yetu kama anayeogopa kuamsha mtoto. Mchana tuliwahisha safari yake ya kurudi, ikawa Alhamisi.

Watoto wake watatu hawakujua lolote. Waliambiwa mama amekwenda kumtembelea shangazi... ndivyo walivyoniita, kama baba yao alivyowazoesha, ingawa kwa haki mimi ni mama yao mkubwa. Mume wake peke yake ndiye aliyejua ukweli. Na kila tulipopiga simu, yule wa mwisho alinyang'anya simu na kuuliza swali lilelile: leo umeona nini, mama?

"Mpaka sasa niko nawaambia mvua inanyesha," mdogo wangu alisema Ijumaa ile. "Wiki mbili za mvua. Sasa nitarudi niwaambie nini, yaya? Kama niliona hospitali na ngazi za kwako?"

Jumamosi nikaenda kwenye ofisi ya watalii katikati ya mji. Kulikuwa na foleni ya watu wenye kamera shingoni. Dada wa kaunta alikuwa mchangamfu, mwenye miwani myekundu, na alinieleza bila haraka. Kuna kadi ya saa ishirini na nne, kuna ya arobaini na nane, kuna ya sabini na mbili. Saa zinaanza kuhesabiwa pale unapoingia jumba la kwanza, si siku unayonunua. Jumatatu majumba mengi hufungwa, kwa hiyo nisije nikaianza Jumatatu.

"Ni kwa ajili yako?"

"Ya mdogo wangu. Amekuja kututembelea."

"Anapenda kutembea?"

Swali lilikuwa la kawaida kabisa. Alikuwa ameshika kalamu, anasubiri, anatabasamu.

"Anapenda," nilisema. "Anapenda sana."

"Basi akiwa mtu wa kuona majumba matatu au manne kwa siku, kadi inamlipa. Akiwa ni mtu wa kuingia moja na kukaa mkahawani, heri alipe mlangoni tu. Ana siku ngapi?"

Nilimwambia nitafikiri kwanza. Nikatoka nje, nikasimama kwenye mawe ya uwanja mkubwa wa mbele ya ofisi, watu wananizunguka wakipiga picha nyumba zenye dhahabu. Palikuwa pazuri. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: kulikuwa na jua, palikuwa pazuri mno, na nilitaka kulala chini pale pale kwenye mawe nisiinuke.

Nyumbani nilimweleza yote kama nilivyoelezwa. Alisikiliza kwa makini ya mwalimu, akaniuliza nirudie habari ya Jumatatu.

"Majumba manne kwa siku," alisema, akacheka. Kucheka kulimuumiza, akashika ubavu. "Yaya, mi niko na jumba moja ndani ya mwili wangu. Labda moja na nusu."

"Basi kadi haina faida," nilisema. "Chagua moja unalolitaka, tutalipa mlangoni. Ndivyo yule dada alivyoshauri."

Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya kijitabu.

"Apana. Nunua karte."

"Lakini hesabu..."

"Hesabu najua, nafundisha hesabu. Ukinilipia mlango moja, pale mlangoni nitajua hakuna tena mwingine. Nunua karte, yaya. Ya siku moja."

Sikubishana tena. Bei sikuijali, ningenunua ya mwaka mzima kama ingekuwepo.

Jumapili hakuinuka. Alitapika mara nyingi, na mchana alinitazama kwa macho ambayo hayakuwa na haja na mimi wala na kitu chochote. Nilikaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, nikasikia kengele za kanisa la mtaani na watu wakipita chini wakiongea Kireno. Niliomba. Sijui niliomba nini; nadhani niliomba Alhamisi ifike, kisha nikaomba isifike.

Jumatatu akaamka mzima. Sijui niite namna gani nyingine. Alioga mwenyewe, akala yai, akaniomba nimsuke nywele zilizobaki, akaimba nyimbo za kwaya yao akiwa amekaa dirishani. Mashavu yake yalikuwa na rangi.

"Leo tungeenda," alisema.

"Leo wamefunga."

"Yote?"

"Hayo uliyoyataka, yote."

Akatazama nje. "Hata wao wanapumzika," alisema tu, akaendelea kuimba, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Mchana nikakimbia mjini kununua kadi mbili, yake na yangu, ili ziwe tayari kesho. Yule dada wa miwani myekundu alinikumbuka. Akanitakia ziara njema.

Jumanne tulichukua teksi. Alikuwa amechagua jumba la ala za muziki, lile jeusi lenye vyuma na vioo, kule kwenye mlima juu ya stesheni kuu. Kushuka ngazi zangu kulikuwa kumemmaliza tayari, lakini alikuwa amevaa kitambaa chake cha kichwani cha sherehe na hereni, na mlangoni alitoa kadi mwenyewe na kumkabidhi kijana wa tiketi. Ilikuwa saa nne na robo. Kijana akaweka alama, akampa kila mmoja wetu kifaa cha kusikilizia. Ukisimama mbele ya kabati la kioo, mahali palipochorwa sakafuni, muziki wa ala iliyomo unaanza wenyewe masikioni.

Tuliona kabati tatu. Mbele ya la kwanza alisimama muda mrefu, kichwa amekiinamisha. Ilikuwa tarumbeta kubwa ya mbao iliyojikunja kama nyoka. "Sikia hii, yaya, inanguruma kama tumbo langu." Mbele ya la pili alishika mkono wangu. Mbele ya la tatu magoti yalimwishia. Mama mmoja mlinzi, mzungu mnene, alituona kutoka mbali, akaleta kiti chake mwenyewe bila kuambiwa. Tukamkalisha. Nikamuuliza kama anataka turudi nyumbani.

"Niache nisikilize," alisema.

Alifumba macho, mikono juu ya magoti. Watu walipita nyuma yetu wakitembea taratibu, kila mmoja na muziki wake, ukumbi wenyewe uko kimya. Mara moja moja nilimgusa bega na kumuuliza, uko sawa? Anaitikia kwa kichwa. Ni muzuri? Anaitikia. Muzuri sana, alisema mara moja, bila kufumbua macho. Nilifurahi. Nilijiambia, angalau hili.

Baadaye kichwa kilipoanza kumwangukia kifuani, nikamvua vile vya masikioni ili nimpeleke nyumbani. Sijui kwa nini niliviweka kwenye masikio yangu. Havikuwa na sauti. Kiti tulikuwa tumekiweka ukutani, mbali na ile alama ya sakafuni, na pale muziki haukufika. Alikuwa amekaa muda wote ule akisikiliza ukimya, na kila nilipomuuliza alinijibu kuwa ni mzuri.

Sikumwambia. Yeye naye hakusema. Mlinzi alitusaidia hadi kwenye teksi, na dereva akanisaidia kumbeba ghorofa tatu, akakataa kupokea bakshishi.

Alilala hadi jioni. Alipoamka swali lake la kwanza lilikuwa, "Karte yetu iko natembea bado?"

"Bado. Mpaka kesho saa nne na robo."

"Bon." Akatafakari. "Lete kile kijitabu. Na upige simu."

Nikakwangua kadi ya simu, nikapiga Lubumbashi, nikamshikia simu sikioni kwa mkono mmoja na kijitabu kwa mkono mwingine. Watoto walikuwa wote watatu. Nilisikia wakigombania.

"Leo mvua imeisha," aliwaambia. "Tumetembea na yaya mpaka miguu imevimba. Tumeona tarumbeta kama nyoka." Akanyanyua kidole, nikafungua ukurasa. "Alors, halafu tukaenda kwa yale matufe makubwa ya chuma. Tisa. Mnapanda ndani na lifti. Ndiyo, mpaka juu. Hapana, sikuogopa." Kidole, nikafungua. "Na mifupa ya wanyama wa zamani, mikubwa kushinda kanisa. Na picha za rangi. Na treni za zamani."

Yule wa mwisho aliuliza jambo ambalo sikulisikia.

"Kesho tena," alimjibu. "Karte yetu iko ya mpaka kesho."

Aliongea hivyo hadi salio likakatika katikati ya neno. Nilikuwa bado nimeshika kijitabu wazi. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, lakini sikutaka kuushusha. Mdogo wangu aligeukia ukuta.

"Usinililie nyuma ya mugongo, yaya," alisema. "Nasikia."

Jumatano asubuhi nilimkuta macho wazi, anatazama saa ya ukutani. Nilimpa maji kwa kijiko. Nilimbadilisha shuka. Ilipopita saa nne na robo alivuta pumzi, akasema, "Voilà," kwa sauti ya mtu aliyefunga daftari za darasa, na tangu hapo hakuuliza tena habari ya mji, wala hakutazama dirishani.

Alhamisi watu wa uwanja wa ndege walileta kiti cha magurudumu. Kijana aliyekisukuma alikuwa mpole lakini mwenye haraka. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima ndani ya treni ya kwenda uwanja wa Zaventem. Tulipofika mahali ambapo wasio na tiketi hawaruhusiwi kupita, mdogo wangu alinishika uso kwa mikono yote miwili, kama mimi ndiye mdogo, akasema, "Ukule vizuri." Kijana akamgeuza, wakaenda. Hakuweza kujigeuza kwenye kile kiti kunitazama, na mimi nilitazama kitambaa chake cha sherehe mpaka umati ukakifunika.

Nilirudi kazini Ijumaa. Wazee walikuwa wamekasirika kwamba mbadala wangu alikuwa akiwapa supu ya baridi.

Shemeji, mume wa mdogo wangu, alipiga simu kabla ya Krismasi, mchana, niko jikoni nasafisha toroli la sahani. Hakuwa mtu wa kupiga mchana. Nilitoka nje kwenye ua wa nyuma, penye mapipa ya taka, nikiwa na aproni.

"Ameenda, yaya," alisema.

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Niko naye hapa."

Nikamuuliza watoto wako wapi.

"Bako kwenye masomo. Hawajajua." Nilisikia anahema. "Batatoka saa saba. Niwaambieje?"

Theluji nyembamba ilikuwa imeanza kuanguka juu ya mapipa, na ndani mtu alikuwa akiniita kwa sauti kwamba toroli limeziba njia. Tukabaki hivyo kwenye simu, shemeji na mimi, tukisubiri shule itoke.