Kurasa Ambazo Ramzi Hakuzifuta

Ramzi alikuwa fundi wa simu mjini Machakos, na kwa kiburi alikuwa tajiri. Nasema hivyo nikimpenda; duka langu la vitambaa lilipakana na lake. Mwaka 2007 alijifunza kuandika programu, akaitengenezea kamati ya msikiti programu ya kutangaza misiba kwa simu. Unaandika jina la marehemu, unaandika saa ya maziko, unathibitisha, na ujumbe unawafikia jamaa wote. Kwetu Waislamu maiti hacheleweshwi. Ukipata habari kesho, umekosa.

Kila ukurasa uliofunguliwa ulikaa juu ya uliotangulia, kama sahani, na kitufe cha Rudi kiliondoa ule wa juu. Nthenya, msichana aliyesomea kazi hiyo Nairobi, alijaribu programu akatikisa kichwa.

"Ramzi, message ikishaenda, futa kurasa zote za nyuma. Mtu akibonyeza Rudi, aende mwanzo tu."

"Na katibu wetu Mzee Sharifu akikosea saa, aanze kuandika yote tena? Wacha zikae."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ingawa mkuu huyu alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita.

Mwezi wa Agosti mama yake Ramzi alifariki alfajiri. Kaka yake mkubwa, Mudi, alikuwa zamu Athi River, kwenye kiwanda ambacho simu huachwa langoni. Mzee Sharifu, katibu wa msikiti, alitangaza maziko ni alasiri. Baadaye wajomba wakaamua iwe adhuhuri, naye akatuma tena kwa saa mpya, bila kosa. Kisha akabonyeza Rudi, Rudi, Rudi, apate kutoka. Ukajitokeza ule ukurasa wa alasiri, ukimtaka athibitishe. Maskini mzee, alidhani anaulizwa kama anataka kufunga. Akabonyeza Sawa, na tangazo la alasiri likaenda tena kwa wote.

Mudi alichukua simu yake saa sita akaamini ujumbe wa mwisho. Angepanda gari papo hapo angetuwahi makaburini. Alimpigia Ramzi, lakini Ramzi alikuwa msikitini anamnawisha mikono mjomba aliyekuwa abebe jeneza, simu kaiacha nyumbani. Basi Mudi akaenda kuoga na kuvaa kanzu, kwa kuwa mtoto wa kwanza ndiye angeshuka kaburini kumpokea mama, na alitaka kushuka akiwa safi. Alifika saa tisa kasoro. Tulikuwa tumeshafukia.

Ramzi alimweleza yote palepale, jina la Mzee Sharifu hakulitaja. "Makosa ni yangu, kaka. Niliambiwa nikakataa." Mtu asiyekosa la kujitetea! Niliumia kumsikia.

Mudi hakugomba.

"Nani alimpokea?"

"Ni mimi."

"Alikuwa mzito?"

"Hapana, kaka. Alikuwa mwepesi sana."

Mudi akaketi juu ya udongo na kanzu yake nyeupe, akainyoosha mikono yote miwili mbele yake, mitupu, akalia.